Kasha la kuchachushia pombe: linapogoma, linapozidi joto na linapoharibu ladha

Wanaojitengenezea bia nyumbani huku kusini mwa Tanzania wana makasha ya sura mbili tatu. Wengi wamechukua friji lililokufa kompresa wakatoa shelfu zake. Wengine wamegonga boksi la plywood na kulitandika povu jeupe, lile linalokuja na televisheni mpya. Wachache wamenunua kasha la samaki lililochoka. Ndani wanaweka ndoo ya lita 20 au 25, globu ya kutoa joto, na kontrola ndogo yenye sensa ya waya, yaani kifaa kinachowasha na kuzima globu kulingana na joto. Malalamiko ya Newala, Masasi, Mikindani na Lindi mjini yanafanana mno, na mengi yana mzizi mmoja: mtu anapima joto la hewa ya kasha, wakati kinachochachuka ni pombe iliyo kwenye ndoo.

Hamira ikishaamka hutoa joto lake yenyewe. Ndani ya kasha lililozibwa vizuri, pombe inaweza kuwa na digrii 3 hadi 5 zaidi ya hewa inayoizunguka katika siku za povu jingi la hamira, kisha tofauti hiyo hupotea povu likitua. Kontrola inaweza kusema 20 bila kukosea hata kidogo, na pombe ikawa 25.

Viwango vyenyewe ni hivi. Hamira nyingi za bia zinazouzwa kwa pakiti hupenda digrii 18 hadi 22. Hamira ya mkate huvumilia joto zaidi ya hapo, ila ladha yake haijatulia. Ipo pia kveik, hamira ya mashambani ya Norwei, inayofanya kazi vizuri kwenye digrii 30 hadi 40. Kwa anayeishi pwani na hana mfumo wa kupoza, hiyo ndiyo ningemshauri aitafute kabla ya kununua vifaa vingine vyovyote.

Kwanza umeme

Kasha hili lina umeme wa volti 230, lina unyevu, na lina povu jeupe linaloshika moto. Kabla ya kufungua, kuchungulia au kuhamisha waya wowote, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu soketi iliyofungwa kinyume huacha umeme kwenye waya hata swichi ikiwa imezimwa.

Acha kazi na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA ukiona mojawapo ya haya: bodi ya friji au ndoo ya chuma inakutekenya mkono ukiigusa, breka inaanguka kila ukiwasha kasha, plagi au ekstensheni imelainika au imebadilika rangi, kuna harufu ya plastiki inayoungua. Mwambie pia akuangalizie waya wa ethi wa nyumba, maana nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu huku tundu la tatu halijaungwa na kitu. Breka inayokata umeme ukivuja ni gharama, lakini kwa kasha lenye maji ndani siwezi kumwambia mtu aiache.

Ukikuta moto au moshi mweusi, chomoa au zima kwenye meni swichi kama unaifikia salama, toa watu nje na upige 114. Usimwagie maji kasha lenye umeme. Moshi wa povu jeupe ni sumu, kwa hiyo usirudi ndani kuokoa ndoo.

"Globu inawaka, lakini kasha halipandi joto"

Sababu ninayokutana nayo kuliko zote siku hizi ni globu yenyewe. Watu wananunua LED kwa kuwa ndizo zilizojaa madukani. LED ya wati 9 inatoa mwanga mzuri sana, na joto lake halifiki popote. Unahitaji globu ya kizamani yenye waya unaowaka ndani, au hita ndogo ya kauri inayotumiwa kwa vifaranga na isiyotoa mwanga. Hiyo ya kauri ni bora zaidi, kwani bia yenye hopsi, yale maua yanayoipa uchungu, ikipigwa na mwanga hupata harufu mbaya.

La pili ni haraka. Kupandisha lita 20 za pombe kwa digrii 5 kwa globu ya wati 40 huchukua karibu saa tatu hata kama kasha halipotezi joto kabisa, na kasha lote hupoteza. Ukiangalia baada ya nusu saa utaona hakuna kilichobadilika. Rudi baada ya saa nne.

La tatu ni mlango. Washa tochi ndani ya kasha usiku, funga, zima taa za chumba, kisha zunguka ukitafuta mwanga unaotoka. Ukiona mstari wa mwanga, joto lako linapita hapohapo. Mpira wa friji la zamani ukikauka hurudi ukiupaka maji ya moto kwa kitambaa na kuuvuta taratibu. Ukiwa umepasuka, ubadilishe.

Kama hayo yote yako sawa, pima umeme. Jioni, watu wanapowasha majiko na pasi, volti hushuka katika baadhi ya mitaa na vijiji, na globu ya wati 40 haitoi tena wati 40. Dalili yake ni mwanga unaofifia. Dawa si kuweka globu ya wati 100. Dawa ni kuongeza unene wa povu.

Hapa hesabu inasaidia. Kasha lenye upana na kina cha sentimita 60 na kimo cha 90, likiwa na povu la sentimita 5 pande zote, hupoteza takriban wati 2 kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukitaka ndani iwe digrii 5 juu ya chumba, unahitaji wati 10 tu za kudumu. Kwa hiyo globu ya wati 25 au 40 inatosha na kubaki. Povu likiwa la sentimita 2, upotevu ni zaidi ya maradufu. Mtu anayeniambia kwamba wati 60 hazimtoshi, karibu kila mara kasha lake ni jembamba au linavuja.

Taa nyekundu za kutunzia vifaranga, zile za wati 100 hadi 250, zisiingie ndani ya kasha hata kidogo. Povu jeupe huanza kulainika kwenye digrii 90 hadi 100, na kioo cha taa kama hiyo hupita hapo kwa mbali. Hata globu ndogo iwe kwenye holda ya kauri, ndani ya kopo la chuma lililotobolewa, umbali wa sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye povu na ndoo ya plastiki.

"Kontrola inasema 20, ila pombe inanuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha"

Hiyo pombe ilichachuka kwenye joto kubwa. Harufu ya ndizi mbivu iliyopitiliza na ukali unaochoma koo hutokana na joto hilohilo. Ladha hiyo haiondoki kwa kuisubirisha sana, kwa hiyo nguvu yote iende kwenye mpiko unaofuata.

Angalia sensa iko wapi. Mara nyingi utaikuta inaning'inia hewani katikati ya kasha, au imelala juu ya mfuniko. Ishushe. Ibandike ubavuni mwa ndoo, katikati ya kimo cha pombe, upande usiotazama globu. Juu yake weka kipande cha sponji ya kuoshea vyombo chenye ukubwa wa kiganja, kisha zungushia ndoo yote utepe mpana au mpira wa tairi la baiskeli uliokatwa, hadi sensa ikandamizwe kwenye plastiki. Sponji inazuia hewa ya kasha isiidanganye sensa. Ukifanya hivi, tofauti kati ya kontrola na pombe halisi hubaki ndogo sana.

Kisha hakiki sensa yenyewe. Jaza bilauri barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza sensa na usubiri itulie. Inatakiwa isome 0. Ikisoma 2, kontrola nyingi zina sehemu ya kurekebisha. Kama yako haina, andika hiyo 2 kwa kalamu juu ya kasha na uitoe kila unaposoma.

Sababu ya nadra, lakini ya hatari, ni swichi ya ndani ya kontrola kuganda. Shusha namba uliyoweka hadi 10. Taa ya kuashiria joto kwenye kontrola izime, na globu nayo izime. Ikiwa kiashiria kimezima na globu bado inawaka, kontrola imekufa ikiwa imewasha. Chomoa, usiigonge ili iachie, usiirudishe kazini. Nunua nyingine na uipe globu ndogo zaidi, kwa sababu mara nyingi kilichoichoma ni mzigo mkubwa au waya uliolegea.

"Mchana joto linapanda hata globu ikiwa imezima"

Hili ni tatizo la pwani, na ndilo linalowakatisha tamaa watu wa Mtwara mjini, Mikindani na Lindi. Maelekezo mengi ya makasha haya yameandikwa na watu wa nchi za baridi ambao shida yao ni kupasha. Hapa shida hiyo ni ya watu wa uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, ambako usiku wa Juni hadi Agosti unahitaji blanketi. Pwani kipindi hichohicho usiku hushuka hadi karibu digrii 20, na kasha lenye globu ndogo hukaa vizuri. Kaskazi ikianza kuvuma Novemba, na alasiri ikafika digrii 30 na zaidi, globu haina kazi. Kasha linageuka kuwa chombo cha kutunza baridi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kalenda. Pika bia za hamira ya kawaida wakati wa kusi. Msimu wa mabibo, Oktoba hadi Desemba, ndio msimu wa uraka, pombe ya juisi ya mabibo, na uraka haujawahi kuomba globu. Juisi yake huchachuka yenyewe kwa kasi katika joto lile. Anayetaka uraka uliotulia, wenye ladha ya tunda bila ukali, atafaidika na kasha lenye barafu.

La pili ni mahali. Kasha lisikae chini ya bati tupu, wala kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni. Sakafu ya saruji ya chumba cha ndani, mbali na jiko, huokoa digrii kadhaa bila senti.

La tatu ni barafu. Gandisha chupa za maji za lita moja na nusu. Kwa kasha lenye povu la sentimita 5, chumba kikiwa 30 na pombe ikitakiwa iwe 20, chupa tatu hadi nne kwa siku hutosha, ukibadilisha asubuhi na jioni. Siku mbili tatu za povu jingi zinaweza kudai moja zaidi. Povu jeupe likiwa jembamba, zidisha mara mbili, na hapo wengi huona ni nafuu kununua povu kuliko kugandisha chupa. Chupa zikae juu, kwa kuwa hewa baridi hushuka. Usiziegemeze kwenye sensa.

Kitambaa kibichi juu ya ndoo pamoja na feni hufanya kazi vizuri Masasi na Nachingwea wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu. Pwani, kwenye unyevu wa kaskazi, hupunguza kidogo tu. Ndani ya kasha lililofungwa hakisaidii kabisa, maana mvuke hauna pa kwenda.

Ukitaka kutumia friji zima linalopoza, liunganishe upande wa baridi wa kontrola na uweke ucheleweshaji wa kompresa usiopungua dakika 3, la sivyo kompresa itajaribu kuwaka ikiwa bado na shinikizo na itaungua. Na usitoboe ukuta wa friji kupitisha waya bila kujua mabomba yanapita wapi. Friji nyingi za sasa zina gesi ya R600a, ambayo inashika moto. Pitisha waya kwenye mpira wa mlango. Ukisikia fyuuu wakati unatoboa, ondoa chochote chenye cheche, fungua madirisha, toka, na umwite fundi friji.

"Globu inawaka na kuzima kila baada ya dakika moja"

Karibu kila mara ni sensa iliyo hewani au karibu na globu. Ikishabandikwa kwenye ndoo kama nilivyoeleza, hali hii hukoma. Ikiendelea, ongeza tofauti ya kuwasha na kuzima: nusu digrii hadi digrii moja inafaa, 0.1 haifai. Kama chini ya kasha ni baridi na juu ni moto, weka feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 ivume taratibu bila kuielekezea ndoo.

"Maji yanatiririka kwenye kuta, na kuna ukungu"

Unyevu wa pwani hugeuka matone kila palipo baridi, hasa kwenye bawaba na pembe za juu. Futa kila siku, weka sahani ya chumvi ya mawe au chokaa kavu, na usiache chupa za barafu zikidondosha maji sakafuni mwa kasha, zipe trei. Ukungu ukishaanza, toa kila kitu baada ya mpiko kwisha, osha kwa maji yenye jiki kidogo, kausha juani siku nzima. Usichanganye jiki na siki wala dawa nyingine ya kusafishia. Waya au holda yenye kutu ya kijani haioshwi, inabadilishwa.

"Pombe imesimama, haitoi mapovu"

Usiongeze hamira kwanza. Sababu ya kawaida ni mfuniko wa ndoo unaovuja, gesi ikipita pembeni badala ya kwenye kimpira cha kutolea gesi. Pombe inachachuka, wewe huoni. Pima leo kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, pima tena baada ya siku mbili. Namba ikishuka, iache.

Inayofuata ni kwamba imeshamaliza. Kwenye joto la huku, bia inaweza kumaliza povu lake kuu kwa siku tatu. Ikiwa ilianza 1.050 na sasa ni 1.010 au karibu na hapo, kazi imekwisha.

Ikiwa imekwama juu, tuseme 1.025, na haisogei, chunguza usiku. Watu wa Newala hukuta globu iliungua saa nane na pombe ikashuka hadi hamira ikalala chini. Ipandishe taratibu hadi digrii 22, tikisa ndoo polepole bila kufungua, subiri siku mbili. Isipoamka, ndipo uandae hamira mpya kwenye maji ya vuguvugu ya digrii 35 na uimwage. Na kama hamira ya kwanza ilimwagwa kwenye maji ya kimea yaliyozidi digrii 45, ujue nyingi ilikufa palepale.

Jihadhari na gesi yenyewe. Lita 20 za bia ya kawaida hutoa zaidi ya lita 400 za kaboni dayoksaidi hadi zinapokwisha, nayo ni nzito kuliko hewa na hujaa chini ya kasha linalofunguka juu. Usiinamishe kichwa ndani. Fungua, subiri dakika chache, chumba kiwe na dirisha wazi. Kasha lisikae chumba cha kulala watoto, na friji la zamani lenye komeo la nje ling'olewe komeo hilo, kwa sababu mtoto akijifungia ndani hawezi kutoka.

"Imekuwa siki"

Joto peke yake halileti siki. Hewa na wale vinzi vidogo vya ndizi ndio wanaoileta, na msimu wa mabibo vinakuwa kila mahali. Ziba mfuniko, acha kufungua kila siku kuonja, na ubadilishe kimpira kilichopasuka. Ndoo yenye mikwaruzo ndani istaafishwe, kwani vimelea hukaa mle na sabuni haiwafikii. Kilichokwisha kuwa siki kitumie kwenye kachumbari. Usimpe mtu wa kutonesha: kutonesha gongo nyumbani ni kosa kisheria, na ni hatari ambayo mwongozo huu hauihusu.

"Umeme umekatika"

Chomoa plagi, ila usifungue kasha. Lita 20 ndani ya povu la sentimita 5 huchukua zaidi ya saa mbili kushuka digrii moja chumba kikiwa na baridi ya digrii 5 zaidi, na kama povu la hamira limechangamka huenda zisishuke kabisa. Umeme ukirudi, subiri dakika kumi kabla ya kuchomeka, kwa kuwa kurudi kwake huja na msukumo unaoua kontrola za bei nafuu. Kisha tazama kama namba zako zimebaki au kifaa kimerudi kwenye za kiwandani. Hili la mwisho husahaulika mno.

"Chupa zinapasuka"

Pombe iliwekwa kwenye chupa kabla haijamaliza, au sukari ya kuongezea gesi ilizidi. Haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo ndipo ujaze, na sukari isizidi gramu 6 kwa lita.

Chupa moja ikishapasuka, hesabu zilizobaki kuwa ziko njiani. Usizishike kwa mikono mitupu wala kuzifungua moja moja. Funika kreti nzima kwa blanketi zito au magunia, fukuza watoto chumbani, na mwaga barafu juu ya magunia ili zipoe. Ziache hadi kesho yake, kisha vaa miwani, glovu nene na shati la mikono mirefu, fungua gesi kidogo kidogo ukiwa umefunika kila chupa kwa taulo. Vipande vya kioo vikikuingia jichoni, usivitoe mwenyewe wala usisugue. Funika jicho kwa kikombe safi bila kulikandamiza na uende hospitali.